Maji ya Ijumaa

Asubuhi hiyo nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba cha Eastleigh, nikatoka, nikaanza kutembea. Sikuwa na mpango. Watu huniuliza ninakwenda wapi, nami huwa sina jibu la kuwaridhisha, kwa sababu mimi hujua ninakotoka tu. Shule niliiacha nikiwa darasa la saba. Si kwamba sikupenda kujua mambo. Nilichoka kutazama ubao uleule kila siku ilhali nje kulikuwa na vitu vingi visivyo na mtu wa kuvitazama. Tangu hapo nimebeba mizigo katika maghala ya Industrial Area, nimeuza mitumba, nimepaka rangi, nimechanganya saruji, na kila kazi niliiacha pale nilipoanza kuielewa.

Nilishuka hadi soko la Gikomba. Pale wanapopasua mbao, harufu ya mvule uliokatwa sasa hivi ilinijia usoni, na papo hapo nikamkumbuka Fundi. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimemweka mbali, kama mtu anavyolikunja shati lenye doa akalisukuma chini kabisa ya mengine. Miguu ilishika njia ya kuelekea Jogoo Road kabla sijaiambia lolote.

Nilimjua kwa miaka mingi, lakini kwa vipande, kwa sababu mimi huja na kuondoka. Kila niliporudi Makongeni, mtaa wa nyumba za reli alikoishi, bila kazi alinipokea bila kuuliza nilikuwa wapi. Aliniita Kiguu-na-njia. "Kiguu-na-njia amerudi," aliwatangazia majirani, "fungieni kuku." Kisha alinipa ufagio.

Kwake kila kazi ilianza na ufagio. Alikuwa fundi wa sakafu za mbao, zile za mbao nzito, mvule na mahogani, ambazo watu huziwekea kapeti siku hizi kwa kuogopa kuzikwaruza. Lakini ukimfuata kazini ungeshangaa jinsi mbao zenyewe zilivyomchukulia muda mfupi. Muda wote ulikwenda chini, kwenye saruji ambayo hakuna mtu angeiona tena. Nilifagia, nikakwangua rangi ya zamani na nta, nikafagia tena. Yeye alitembea nyuma yangu akigonga sakafu kwa mpini wa nyundo, kichwa kimeinama upande, akisikiliza mahali palipo na uwazi. Kisha alilaza ubao mrefu ulionyooka, akausogeza huku na huku, na kila alipoona mwanga ukipenya chini yake alichora duara kwa chaki. Bonde lilipata duara moja. Kilima kilipata duara na msalaba ndani yake. Vilima nilivisaga kwa mashine mpaka nikawa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Mabonde aliyajaza mwenyewe kwa saruji laini, akisema mkono wangu una haraka ya mtu anayetaka kuondoka.

Wakati huo mbao zilikuwa zimeshaingizwa ndani ya nyumba, zimepangwa kwa nafasi ili hewa ipite. Hakuziruhusu zipigiliwe siku zilipofika. "Mbao ni mgeni," alisema. "Mwache azoee nyumba, ajue kama ina joto au baridi. Mgeni unayemkalisha mezani hajatua mzigo hatakula vizuri." Mwenye nyumba alisimama mlangoni akihesabu siku kimoyomoyo, na Fundi alimwambia jambo hilohilo kwa maneno mengine, bila kumtazama.

Nisimpambe mno. Hakuwa mtu mnyenyekevu. Alijisifu asubuhi, akajisifu jioni. Akiingia nyumba ya watu, hata msibani, macho yake yalikwenda chini kwanza, na kabla hajatoa pole ungemwona akikisukuma kipande cha sakafu kwa ncha ya kiatu na kutikisa kichwa. Viatu vyenyewe alivipiga rangi kila siku ingawa kazini alivivua. Kwenye mchezo wa drafti, pale kwa kinyozi, alikuwa mwizi. Alikohoa, mkono ulipita juu ya ubao, na kifuniko cha soda kilikuwa kimehama. Wakimkamata alisema meza haiko sawa, kete imeteleza yenyewe. Siku moja kinyozi alichomoa pima maji ya Fundi mwenyewe kutoka kwenye begi la kazi la Fundi, akaiweka mezani mbele ya watu wote, na tone la hewa likasimama katikati kabisa. Fundi aliitazama, akasema hiyo pima maji imezeeka.

Na nyumba yake mwenyewe? Sakafu ilikuwa ya saruji iliyomeguka kama mkate wa siku tatu. Kigoda cha wageni kiliyumba, chini ya mguu mmoja ameweka karatasi ya boksi iliyokunjwa. Nilimuuliza mara moja kwa nini hajitengenezei. Akaniuliza kama nimewahi kuona kinyozi akijinyoa kisogo.

Kulikuwa na kazi moja South B aliyoikataa. Alisema sakafu ina unyevu, haitafaa hata wakingoja mwaka. Mwenye nyumba alitafuta mtu mwingine, yule akapigilia mbao kwa siku chache, na hadi leo sakafu ile imelala kimya kama maji ya mtungini. Fundi alikuwa akikatiza mtaa ule makusudi, anasimama getini, anamuuliza mlinzi kwa sauti ya huruma kama sakafu imeshaanza kuinuka. Mlinzi alimwambia bado. Fundi aliondoka amenuna. Alikosea, na hakuwahi kukubali. Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu aikatae kazi nzuri kwa hofu kubwa namna ile. Nilidhani ni uzee.

Kipimo chake cha unyevu kilikuwa rahisi. Alikata karatasi ya nailoni pana kama trei, akailaza kwenye saruji tupu, akaibandika kingo zote kwa selotepu isipitishe hewa, kisha akaiacha mpaka kesho. Asubuhi aliifunua. Ikiwa kavu, kazi inaendelea. Ikiwa na matone upande wa ndani, basi sakafu inapumua maji, na mbao ukiziweka juu zitayanywa, zitavimba, zitatafuta mahali pa kwenda, na mahali pekee palipobaki ni juu.

Jumapili mchana alikuwa mtu mwingine. Alibadilisha shati, akachukua kitu mkononi, akaenda kumsalimu Mama wa Kwaya. Leo pakiti ya sukari, Jumapili nyingine unga wa mahindi, msimu wa maparachichi alibeba yale makubwa yaliyofungwa kwa gazeti. Hakuwahi kwenda mikono mitupu, na hakuwahi kukosa. Hata mvua ikinyesha ungemwona akirukaruka madimbwi na pakiti yake chini ya koti.

Mama wa Kwaya alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Aliiongoza kwaya ya kanisa lao dogo kabla hata ya Fundi kuingia kuimba besi. Alitembea kwa mkongojo. Miaka kadhaa nyuma alianguka ndani ya kanisa, akavunjika nyonga, na tangu hapo aliongoza nyimbo akiwa ameketi, mkono mmoja tu ukipanda na kushuka. Ulimi wake haukuvunjika. Alimwambia Fundi kwamba besi yake ya asubuhi hiyo ilikuwa kama lori la kokoto linalopanda mlima na gia mbovu. Fundi alijibu kwamba lori ndilo linalojenga nyumba. Walibishana hivyo mpaka chai ikaisha. Majirani walisema hawa wazee kuna kitu, na wakitaka kumchokoza Mama wa Kwaya walimuuliza bwana harusi atafika saa ngapi leo. Yeye aliwatukana vizuri, kwa lugha ya kwao, huko magharibi mwa nchi, mpaka wote wakacheka.

Mimi nilifuatana naye mara nyingi. Nilienda kwa ajili ya chapati, sitaki kudanganya.

Siku niliyojua sababu ya ziara hizo, tulikuwa Buruburu, sebule ya watu, mapema. Fundi alifunua nailoni na kukawa na matone. Machache, si mengi. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda kazini. Nilikuwa nimechoka kusaga na kufagia, nikamwambia tuyafute tu, nani ataona. Nilisema kwa utani. Fundi aliketi chini palepale, kwenye saruji, nami nikadhani magoti yamemkamata. Kisha akanisimulia.

Sakafu ya kanisa aliiweka yeye. Bintiye alikuwa anaolewa, na wazee wa kanisa walitaka harusi hiyo ifanyike juu ya mbao mpya, waione wageni. Alijaza mabonde, akasaga vilima, akaweka nailoni, akafunua, kavu. Ilibaki kuanza kazi Jumatatu. Lakini Ijumaa akina mama wa kwaya walisikia kwamba Fundi anatayarisha sakafu, na kwao kutayarisha sakafu ya kanisa ni jambo moja tu, walilolifanya kila mwisho wa wiki tangu wakiwa wasichana. Walikuja na ndoo na fagio, wakaimba, wakapiga deki. Walimwaga maji pembe hadi pembe. Aliyewaongoza alikuwa Mama wa Kwaya, miguu mitupu, sketi ameifunga kiunoni. Walitaka kumsaidia. Walitaka harusi ya binti yake iwe safi.

Jumapili sakafu ilionekana kavu, nyeupe, inapendeza. Akaweka nailoni tena kwa tabia tu. Jumatatu akaifunua, na matone yalikuwa yamejipanga kama jasho. Angeweza kusema. Angeweza kuomba harusi isogezwe, au ifanyike kwenye saruji. Lakini kadi zilikuwa zimeshatolewa, wakwe walikuwa njiani, na angelazimika kuwaambia akina mama kwamba msaada wao umeharibu kazi. Akatoa leso, akafuta matone, akatandaza nailoni ya kufunika sakafu yote, juu yake plaiwudi, juu ya plaiwudi mvule. Nailoni ikatobolewa na kila msumari aliopiga. Harusi ilifana. Watu walicheza.

Msimu wa mvua mbao zikaanza kuinua kingo. Aliwaambia wazee kwamba paa linavuja, na kweli lilikuwa linavuja kidogo, kwa hiyo waliamini. Jumapili moja Mama wa Kwaya alipiga hatua mbele kuanzisha wimbo, kidole cha mguu kikakamata ukingo wa ubao.

Nilimuuliza Fundi kwa nini hajamwambia. Alikuwa na jibu, tena lilikuwa limelainika kama kitu kilichoshikwashikwa mno. "Mtu amebeba ndoo kwa upendo," alisema. "Umwambie maji yake ndiyo yaliyomvunja nyonga?"

Nilifikiri ni maneno mazuri. Nilifikiri pia kwamba yanamfaa sana anayeyasema.

Jumapili iliyofuata tulienda kama kawaida. Mama wa Kwaya alikuwa mchangamfu. Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyoanguka, kwa sababu nilikuwa mgeni wa zamani na hakukumbuka kama nilishasikia. Alisema siku ile alimsujudia Mungu kabla kasisi hajatangaza. Fundi alicheka. Mimi nilicheka. Aliniongezea chapati nikaipokea, na ilipita kooni vizuri tu, na hilo ndilo lililonitisha. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeondoka. Niliuambia moyo wangu kwamba ni ile kawaida yangu ya kuchoka mahali.

Basi hiyo ndiyo njia niliyokuwa nikiirudia asubuhi ile, kutoka Gikomba hadi Makongeni, jua likipanda, bila kujua nitasema nini nikifika. Sikwenda nyumbani kwake. Nilisikia mtu akigonga sakafu kanisani nikaingia.

Mbao zote zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa nje kando ya ukuta, zimepinda kama ngozi iliyoanikwa. Ndani ilibaki saruji tupu, na Fundi alikuwa katikati yake juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. Magoti ameyafunga vipande vya godoro kwa kamba, lakini hakuwa amepiga magoti, alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo ndefu akiwa ameketi. Aliniona na hakutaja kuku.

"Kuna ufagio pale," alisema.

Nilifagia. Naye alinieleza kidogo kidogo. Wazee wa kanisa walikuwa wamechoka na sakafu ile, wakataka kuweka vigae na kumleta fundi mwingine. Mama wa Kwaya alisimama na mkongojo wake mbele ya mkutano. Akasema kama kuna mtu ana haki ya kulalamika kuhusu sakafu hiyo ni yeye, na yeye halalamiki. Ni mvua iliyoharibu, si Fundi. Mpeni airudie. Nani angembishia? Wakampa.

Hiyo ingetosha kumnyima mtu usingizi, lakini kulikuwa na zaidi. Mabonde yalikuwa yameshajazwa na kukauka. Nailoni ya asubuhi hiyo ilikuwa kavu, aliniita niishike, niipapase. Na leo ilikuwa Ijumaa. Mama wa Kwaya alikuwa ameahidi kwamba akina mama watakuja kumsaidia kama zamani. Walikuwa njiani na ndoo.

Mimi ni mwepesi wa kupata njia ya mkato. Nilimwambia awaambie amepaka dawa ya mchwa, maji hayatakiwi. Wataelewa, watarudi nyumbani, mambo yataisha.

"Nina uongo mzuri kuliko huo," alisema Fundi. "Niliutunga tangu Jumanne. Shida ni kwamba amesimama mbele za watu akanitolea ushahidi."

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Bomba la nje lilifunguliwa, ndoo zikaanza kujaa, mtu akaanzisha wimbo na mwingine akamwambia sauti iko juu mno. Mama wa Kwaya aliingia peke yake, mkongojo ukigonga saruji. Aliniona, akaniita mwanangu, akasema nimekonda. Kisha akamgeukia Fundi.

"Wasichana wangu wako tayari," alisema. Msichana mdogo kabisa kati yao alikuwa na wajukuu. "Tuanzie pembe gani?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa nani ataniinua? Sema."

"Msimwage maji."

"Mara ile si tulimwaga?"

"Mara ile ndiyo ninayotaka kukwambia."

Fundi alisimama kutoka kwenye kigoda, akamsukumia, na Mama wa Kwaya akaketi kwa sababu alimwona usoni. Fundi alimwambia yote akiwa wima, mikono pembeni kama mtoto mbele ya mwalimu. Niliona kitu kimoja ambacho nimekifikiria sana tangu siku hiyo. Hakuanzia kwenye ndoo. Alianzia kwenye leso. Alisema sakafu ilikuwa na unyevu, aliuona kwa macho yake, akaufuta kwa leso, akapigilia mbao juu, na akawaambia watu ni paa. Alitaja harusi ya bintiye lakini hakuitegemea. Ndoo hakuzitaja kabisa.

Mama wa Kwaya hakuwa mtu wa kufichwa hesabu ndogo namna hiyo. Alitazama sakafu, akatazama mlango ambako ndoo zilikuwa zikigongana.

"Unyevu ulitoka wapi?"

Fundi naye alitazama mlango.

"Kwa hiyo maji yalikuwa yangu."

"Maji yalikuwa yenu," alisema Fundi. "Lakini saruji ingekauka, Mama. Ilihitaji kungojwa tu. Mimi ndiye sikungoja."

"Ungeniambia siku ile ningekasirika. Ningenuna hata wiki nzima. Halafu tungengoja pamoja, na msichana wako angeolewa juu ya saruji, na tungecheza vilevile."

"Ndiyo."

Nje mmoja wa akina mama alimwagia mwenzake maji miguuni na kukawa na kelele na vicheko. Nilidhani Mama wa Kwaya atalia, au atauliza kuhusu nyonga yake, miaka yote ile ya mkongojo. Aliuliza jambo jingine.

"Na hizo Jumapili?"

"Zipi, Mama?"

"Usijifanye. Sukari. Unga. Maparachichi. Zote zilikuwa za mguu?"

Fundi angeweza kusema hapana, na nadhani kila mtu mle ndani angefurahi kuisikia.

"Mwanzoni zilikuwa za mguu."

"Na baadaye?"

"Baadaye sijui. Mambo yalichanganyika."

"Mimi nilidhani ninapata mgeni," alisema Mama wa Kwaya. "Kumbe ninalipwa fidia." Sauti yake haikupanda. "Hao wanawake walipokuwa wakinicheka kwamba unanitaka, niliwatukana. Halafu niliingia ndani nikatafuta kitambaa kizuri cha meza."

Fundi alitazama miguu yake. Hakuwa na viatu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la saruji.

Kisha Mama wa Kwaya aligeuka kwangu, na mimi nilikuwa nimeushika ufagio kama mtu anayeweza kujificha nyuma yake.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Ulijua ukila chapati zangu."

"Ndiyo."

"Na nikikuongezea ulipokea."

Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kukamatwa na askari wa jiji, nimetukanwa na watu wenye midomo mibaya kuliko yake, na hakuna lililowahi kuniingia kama yale maneno machache yaliyosemwa polepole, bila hata hasira ya kutosha.

Aliinuka mwenyewe. Fundi alinyoosha mkono kumsaidia naye akaupita. Alipofika mlangoni aliwaambia akina mama kwamba sakafu haitaki maji, wayamwage kwenye ua wa kanisa, maua yana kiu. Walilalamika. Waliuliza kwa nini. Mmoja alisema amepanda kutoka ng'ambo ya reli na ndoo kichwani, sasa amwagie maua? Mama wa Kwaya aliwaambia kwamba Fundi ndiye anayejua sakafu, wao wanajua nyimbo, wayamwage waende. Zaidi ya hapo hakuwaambia lolote, wala siku hiyo wala baadaye, na hilo Fundi alilibeba kwa uzito zaidi kuliko kama angemtangaza.

Maji yalipokwisha kumwagwa Mama wa Kwaya alirudi mlangoni.

"Tengeneza sakafu yako. Lakini kwangu usije tena na kitu. Ukitaka kuja, njoo mikono mitupu, nijue umefuata nini."

"Mama, mkono mtupu haulambwi," alisema Fundi. Nadhani ilimtoka tu, kwa malezi.

"Nani amekwambia nataka kulamba mkono wako?"

Akaondoka, na mkongojo tukausikia mpaka barabarani.

Fundi alilala kwenye benchi la kanisa muda mrefu, uso ameuelekeza ukutani. Kisha aliamka akaniambia nibandike nailoni nyingine, pembe ya pili, ile ya karibu na kwaya. Nilimwambia ya kwanza ilikuwa kavu. Aliniambia nibandike.

Sikutaka kulala kwake. Hapo awali nililala kwake kila nilipokuja, kwenye godoro chini ya dirisha, lakini siku hiyo niliona nikilala pale tutakuwa watu wawili wanaofarijiana, na sikuona kama tumestahili faraja. Nilizunguka kutafuta chumba. Safu za nyumba za reli nilidhani nazijua zote, kumbe upande wa nyuma, kuelekea ukuta, kulikuwa na vyumba vya mabati vilivyoongezwa ambavyo sikuwahi kuvifikia. Mama mmoja alinionyesha chake. Kilikuwa na kitanda, dirisha dogo, na misumari ukutani. Aliniuliza nitakaa muda gani. Kwa kawaida hilo swali ndilo hunifukuza. Nilimwambia sijui, kuna sakafu ya kanisa na mzee hapigi tena magoti, kwa hiyo mimi ndiye nitakayepiga. Akanipa ufunguo.

Nilipofungua mlango asubuhi niliona kwamba ng'ambo ya kichochoro, mbele yangu kabisa, ni mlango wa nyuma wa Mama wa Kwaya. Sikuwa nimepanga hivyo. Akipita na beseni la nguo alinitazama, akasema "umeamka," basi. Kuniita mwanangu hakuniita.

Jumapili mchana Fundi alitokea. Alikuwa amevaa shati safi na viatu vimeng'aa, na alitembea vibaya, si kwa sababu ya magoti. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaifunga nyuma, kisha akaikunja mbele kama mtu anayekwenda kuaga maiti. Alinipita bila kuniona. Alibisha. Muda ulipita mrefu hivi kwamba alishageuka nusu kuondoka.

Mama wa Kwaya alifungua. Alitazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, akachungulia nyuma yake kuona kama kuna kitu ameficha. Kisha akasogea kando.

Joto lilikuwa kali, mlango ukabaki wazi. Meza ilikuwa tupu, haina kitambaa. Hakumletea chai. Alimwekea mapajani sinia ya njegere ambazo hazijamenywa, akaketi upande wa pili na sinia yake, na wakaanza. Fundi hakujua kumenya. Alibana maganda kama mtu anayeng'oa msumari, njegere zikaruka, zikadunda sakafuni, nyingine zikafika hadi kizingitini.

"Ziokote," nilimsikia akimwambia. "Zote."

Fundi alishika ukingo wa meza, akashuka goti moja, kisha la pili, akaanza kuziokota.

Mimi hakuniita, na sikutegemea. Nilirudi chumbani, nikatoa mashati yangu nikayatundika moja moja kwenye misumari.